Mabwawa ya Ndugu Makau

Makau Ndululu alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya safari ya kanisa siku ambayo hakuwa mkutanoni. Alikuwa mtaa wa Sarang'ombe, amepiga magoti kando ya choo cha ploti ya vyumba ishirini na vinne, akichomoa sidiria kwa ndoano kutoka kwenye mdomo wa mpira wa kunyonyea wa lori. Kanisani kwetu ndivyo viongozi wanavyopatikana: ukikosa mkutano, unarudi ukiwa na cheo. Aliyetaja jina lake ni mimi, na hilo si kosa langu kubwa katika habari hii.

Naitwa Austine. Natengeneza simu mtaa wa Kisumu Ndogo, Nairobi, na Jumapili napiga ngoma katika Kanisa la Chemchemi Isiyokauka, jengo la mabati linalogawana ukuta na baa. Ibada ikipoa tunasikia rumba ya upande wa pili. Baa ikipoa walevi wanaimba mapambio yetu, na wapo wanaoyajua kutushinda.

Makau ni mtu wa Kitui, mwembamba, miaka arobaini na saba. Kwa miaka tisa amefanya kazi kwenye lori la kunyonya vyoo. Okello anaendesha, Makau anashika mpira. Watu wakiliona lori wanaziba pua, hata mwenye ploti aliyeliita, hata wapangaji walioujaza huo mzigo kwa bidii mwaka mzima. Makau huoga mara mbili kabla ya ibada na kujimwagia marashi anayonunuliwa na mkewe Nthenya, lakini bado hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, na benchi hilo huwa na nafasi. Nthenya anauza nguo za ndani za mitumba kule Kawangware wanakoishi. Ile sidiria ya Sarang'ombe anasema haikutoka kwake, kwa sababu zake hazikatiki.

Habari ya ndege ilianzia kazini. Lori likijaa hupelekwa Ruai, ng'ambo kabisa ya jiji, kwenye mabwawa makubwa ya maji taka. Humo uchafu wa Nairobi hutua, maji yakahama bwawa moja hadi lingine, yakizidi kuwa safi, mpaka yakarudi mtoni. Malori hupanga foleni. Okello huutumia muda huo kulala. Makau hana usingizi wa mchana, kwa hiyo alikuwa akitazama nje, na siku moja akamwona ndege mweusi na mweupe mwenye miguu mirefu myekundu, akitembea juu ya kinyesi cha jiji kama bibi harusi anayeogopea gauni lake.

Akamwamsha Okello. "Ona huyo."

"Nani?"

"Huyo ndege."

"Makau, umeniamsha juu ya ndege? Anadai nini?"

Okello akarudi kulala. Makau akashuka. Kando ya bwawa la tatu akamkuta dada mmoja, Daisy, mtafiti, amesimamisha darubini kubwa kwenye miguu mitatu. Alipomwona mtu mwenye gambuti na ovaroli yenye historia, hakuziba pua. Alisogea kando akamwambia aangalie. Makau aliangalia mpaka Okello akapiga honi mara nne.

"Kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuona ndege wa hapa," Daisy alimwambia. "Wewe unaletwa na lori kila siku."

Wiki hiyo Makau akanunua darubini ya mkono pale Kawangware, kwa muuzaji wa vitu vya mitumba aliyeiweka kati ya pasi na meno ya bandia. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu, kwa hiyo hutazama dunia kwa la kulia tu. Akajifunza yangeyange, kwarara, mnandi, na domomwiko ambaye hufagia maji kwa mdomo bapa kama mama anayetafuta pete. Wale ambao hakuwapatia jina aliwabatiza mwenyewe. Mwenye miguu myekundu akawa Soksi. Okello naye alichangia jina moja, la yule korongo mkubwa mwenye upara, anayesimama juu ya takataka kutwa nzima amevaa koti na bila kufanya kazi yoyote inayoonekana. Alimwita Mheshimiwa.

Basi mtu kama huyo ndiye tuliyempa safari ya kanisa.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: Makau, mimi, na Mama Mitchelle. Mama Mitchelle anauza omena, anaongoza akina mama wa kanisa, na ana mwili unaoheshimika. Tulikutana kibandani kwangu. Makau alikuja na daftari la shule lenye maeneo matatu, yote ya ndege.

"Ziwa Naivasha," alisoma.

"Naivasha tulienda mwaka jana," akasema Mama Mitchelle. "Tulikula mayai ya kuchemsha ndani ya basi, mvua inanyesha, tukarudi. Endelea."

"Kinamasi cha Ondiri, hapo Kikuyu. Ni mahali pa ajabu. Ukikanyaga, ardhi inatingika, kwa sababu chini yake ni maji."

Mama Mitchelle alijitazama kutoka kifuani hadi miguuni. "Makau. Mimi, na huu mwili. Unataka nikanyage ardhi inayotingika?"

Makau akafuta Ondiri. "Basi, Mabwawa ya Ruai. Makao ya ndege."

Hakuna aliyeuliza ni maji gani. Makau alitutazama mmoja mmoja akitusubiri tuulize. Sisi tukaanza kuzungumza habari ya pilau.

Akatueleza kwamba tungeenda mwisho wa Novemba, kwa sababu wakati huo kuna ndege wanaotoka Ulaya wakikimbia baridi.

"Bila viza?" akauliza Mama Mitchelle.

"Bila viza."

"Na sisi tukienda kwao tunarudishwa ubalozini. Haya, andika Novemba."

Kisha akasoma masharti. Tuondoke alfajiri. Tuvae rangi ya kijani au ya kahawia, nguo nyeupe hapana. Marashi makali hapana. Vigelegele hapana. Halafu akaniangalia mimi. "Na ngoma, Austine. Ngoma itabaki."

"Safari bila ngoma?" nikasema. "Hiyo ni safari ama ni mazishi?"

"Hata mazishi huwa na ngoma," akasema Mama Mitchelle.

"Ndege watatoroka," akasema Makau, na siku hiyo niliona kwamba mtu huyu mpole ana mahali ambapo hasogei. Nilikasirika. Kutoka hapo nilikuwa nikimsalimia kwa kidevu.

Mambo yaliharibika Jumapili iliyofuata. Mchungaji wetu, Pasta Khaemba, ni mtu mwema mwenye sauti ya spika mbili, na alikuwa na shida yake: watu saba walikuwa wanangoja kubatizwa tangu Pasaka. Lile tangi la plastiki tulilokuwa tukikodi mtaa wa Satellite lilikuwa limepasuka akibatizwa ndugu mmoja mwenye tumbo. Pasta haamini kunyunyiza. Kwake mtu akizama azame. Sasa aliposikia neno mabwawa, alisimama mimbarani na kutangaza kwamba Mungu amejibu kupitia kamati ya safari. Wale saba wangezamishwa Ruai, mbele ya uumbaji.

Kule nyuma, karibu na mlango, Makau aliinua mkono.

"Ndugu Makau ameguswa!" akanguruma Pasta. "Haleluya!"

Kwaya ikaanzisha wimbo. Mimi nikaupiga kwa nguvu zote, kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu na kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia. Makau alisimama na mkono juu mpaka ubeti wa nne, kisha akaketi.

Baada ya ibada alimfuata Pasta nje. "Pasta, kuhusu hayo maji. Si safi vile."

"Ndugu yangu, tunabatiza roho. Matope kidogo hayamzuii Mungu."

"Si matope tu, Pasta…"

Lakini Pasta alikuwa ameshashikwa mkono na watu wengine wanane.

Nthenya ndiye aliyenisimulia baadaye walichoongea huko kwao Kawangware, akifunga marobota ya nguo.

"Umemwambia?"

"Nimejaribu."

"Umejaribu vipi?"

"Niliinua mkono."

"Makau. Mtu anataka kuzamisha watu saba kwa mavi, na wewe umeinua mkono?"

Akamuuliza kwa nini hakusema ukweli tangu mwanzo. Makau akamwambia kwamba angetamka neno choo, hakuna ambaye angekubali kwenda. Alitaka waone kwanza. Miaka tisa watu walikuwa wanajua upande mmoja tu wa kazi yake, ule unaonuka, na alitaka angalau siku moja waje upande ule mwingine.

Alhamisi ya kabla ya safari akatuma ujumbe kwa Pasta. Sasa hapa ndipo kosa langu linapoingia, na nitalisema lote. Simu ya Pasta ilikuwa kwangu. Kioo kilikuwa kimevunjika. Ijumaa mchana niliweka kingine, nikaiwasha kujaribu, na ujumbe ukaingia palepale: *Pasta maji ya Ruai ni ya choo. Yote. Tafadhali usibatize mtu. Samahani sana. Makau.*

Niliucheka mpaka bisibisi ikaanguka. Kisha nikafikiria ngoma yangu itakavyokaa nyumbani. Nikajiambia kazi yangu ni kutengeneza vioo, si kupeleka habari. Ujumbe ulikuwa tayari umefunguliwa, kwa hiyo simu haingelia tena kumwambia kuna kitu kipya. Nikamrudishia Pasta simu yake ikiwa safi, akanibariki.

Jumamosi tuliondoka Kisumu Ndogo watu thelathini na wanane kwenye basi la kukodi. Pasta alivaa kanzu nyeupe kabisa, akiwa tayari kwa kazi. Wale saba walikuwa na mataulo. Mama Mitchelle alikuwa na kofia ya kuogelea. Makau aliona kanzu, akamtazama Pasta usoni kutafuta dalili yoyote kwamba amesoma ujumbe, na Pasta akamrudishia tabasamu la mtu mwenye amani. Nadhani Makau aliamini kwamba Pasta amejua na ameamua kwenda hivyohivyo kwa imani. Alikaa chini akaanza kutokwa na jasho.

Tulipoacha barabara kubwa kule Ruai, upepo ukageuka. Watu wakaanza kutazamana. Kila mmoja alidhani ni jirani yake. Mzee mmoja alifungua dirisha, akalifunga haraka. Na wakati huo huo lori likatufikia kando, likatembea sambamba nasi, na dirishani akatokea Okello, amefurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

"Makau!" alipaza sauti. "Kwani leo umeleta kanisa lote waone ofisi? Waambie bwawa la kwanza wasikaribie, nimebeba mzigo wa Sarang'ombe!"

Akapiga honi, akapita, na maandishi ya nyuma ya lori yakatueleza kila kitu kilichobaki.

Dereva wa basi alisimamisha gari bila kuambiwa.

Pasta aligeuka polepole. "Ndugu Makau. Nilikuwa nibatize watu ndani ya nini?"

Makau alisimama. "Pasta, nilikutumia ujumbe."

"Ujumbe gani?"

Mimi niliangalia viatu vyangu.

"Nilisema ni mahali pa ndege," Makau akaendelea. "Ubatizo uliuongeza wewe. Lakini nilipaswa kusema mapema, na sikusema. Nilitaka muone. Mkitaka turudi, tutarudi, na nitaondoka kwa kamati."

Wa kwanza kutoa sauti alikuwa Mama Mitchelle. Ilianza kama kikohozi, ikashuka tumboni, na kiti kikaanza kulia. Alicheka mpaka kofia ya kuogelea ikamtoka mkononi.

"Kumbe mzigo wetu ulifika kabla yetu!" alisema alipopata pumzi. "Pasta, mimi naishi Kisumu Ndogo. Harufu gani hapa itanishtua? Ni ile ile, tofauti ni kwamba hapa ina nafasi. Dereva, twende. Nimeamka saa kumi, lazima nione hata kuku."

Pasta alisema yeye hatashuka. Basi likaingia.

Langoni askari alimwona Makau, akasimama wima, akampigia saluti. "Karibu, mkubwa." Alifanya utani tu, wao ni marafiki. Lakini nilimwona Nthenya akimgeukia mumewe kama mtu aliyeona amevaa suti mpya.

Makau alitupitisha mbali na bwawa la kwanza, ambalo sitalieleza kwa sababu kuna watu husoma wakila. Tulitembea muda mrefu kwenye tuta. Harufu ikapungua, matete yakaongezeka, na tulipofika mabwawa ya mwisho maji yalikuwa ya bluu na nilisahau nilikuwa nimekunja uso. Kulikuwa na ndege wengi kuliko watu wa mkutano wa siasa. Mwari walielea kwa vikundi wamejaa heshima. Bata walikuwa na midomo ya rangi ya samawati kama iliyopakwa brashi. Domomwiko walifagia. Makau alituonyesha Soksi, na watu thelathini na saba wa kanisa la kelele walisimama wakinong'ona.

Darubini ilizunguka. Kila mtu aliambiwa afumbe jicho la kushoto. Ilipomfikia Mama Mitchelle aliitazama pembe moja kwa muda mrefu, mahali ambapo yangeyange walikuwa wakitembea kwenye majani.

"Hao ni okok," alisema, kwa jina la Kijaluo. "Walikuwa wanafuata ng'ombe wa baba." Baba yake alifariki mwaka wa corona, na alizikwa asubuhi na mapema kabla yeye hajafika. Niliinamisha uso.

Kisha mwewe mkubwa akapita chinichini juu ya matete, na bwawa lote likaruka. Sijui nilielezeje. Mabawa yalitupulizia upepo. Anga likawa jeusi, likageuka jeupe, likawa jeusi tena, na Mama Mitchelle akasahau masharti, akapiga kigelegele kilichofika Kangundo. Akina mama wengine wakampokea. Makau alikuwa na haki ya kukasirika. Alisimama tu mikono imelegea, na Nthenya akamshika kiwiko mbele ya watu, jambo ambalo Wakamba wa umri wao hawafanyi kanisani wala porini.

Pasta je? Basi lilifungwa madirisha yote kwenye jua la Ruai. Alivumilia saa moja. Mwisho alishuka akiloa jasho, akatembea peke yake mpaka kwenye tuta, akasimama mikono nyuma, kidevu chini, upara ukimetameta. Hatua nne kutoka kwake alisimama Mheshimiwa, mikono nyuma kwa namna yake, kidevu chini, upara ukimetameta. Wote wawili waliyatazama maji kwa huzuni ile ile. Mimi natengeneza simu. Simu nzuri hainikosi. Nilipiga picha moja.

Picha hiyo ilifika kwenye kundi la WhatsApp la kanisa kabla basi halijafika mjini. Sikuituma mimi. Nilimtumia Mama Mitchelle peke yake, ambayo ni njia ndefu ya kusema niliituma kwa kila mtu.

Jumapili Pasta alimwondoa Makau kwenye kamati. Jumatano, akitafuta ile picha aifute, akapekua simu yake na kukutana na ujumbe wa Alhamisi, ulioingia saa nane na dakika kumi Ijumaa, saa ambayo simu ilikuwa mezani kwangu. Alikuja kibandani mwenyewe. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Austine, ningeweza kuzamisha watu saba."

"Najua, Pasta."

"Na wewe ungekuwa unaangalia."

Ngoma ilichukuliwa kwa wiki sita, ikapewa mtu asiyejua kuhesabu mpaka nne, nikaketi nikimsikiliza, na hiyo ilikuwa adhabu kamili. Nilienda Kawangware kumwomba Makau msamaha. Nilimkuta kibandani kwa mkewe, katikati ya sidiria zinazoning'inia. Alinisikiliza akatikisa kichwa.

"Sasa mimi nilikuwa nafikiria Pasta ana imani kali sana," alisema, akaanza kucheka, na Nthenya akanirushia soksi za watoto, ambazo zilinipiga shingoni.

Wale saba walibatizwa Desemba kwenye tangi jipya. Sita, kwa kweli. Mmoja alisema ameahirisha mambo ya maji kwa sasa. Pasta alimrudisha Makau kwenye kamati hadharani, kwa maneno machache, kisha akaongeza kwamba safari zote zijazo atakagua maji yeye binafsi.

Na safari ijayo imeshaanza kuleta vita. Watu kumi na tisa wamejiandikisha. Mama Mitchelle anataka twende Kisumu, kwenye matete ya ziwani, anasema huko kuna ndege ambao Ruai hawajawahi hata kuwasikia. Nthenya, ambaye mwaka jana hakuwa anatofautisha bata na kuku, amejiingiza kwenye kamati bila kuchaguliwa na anataka kumwona sile, ndege anayetembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Makau alijaribu kutaja mito ya Kitui.

"Kitui?" akasema Mama Mitchelle. "Makau, kwenu hata chura anatembea na chupa ya maji."

Makau akafungua daftari ukurasa mpya, akamuuliza Nthenya kama yungiyungi huandikwa kwa neno moja au mawili.